Hita Iliyotoka Njombe

Njombe,
20 Oktoba 2024

Kwako Dada Pudensiana,

Natumaini barua hii inakukuta ukiwa mzima, na kama huna uzima basi angalau umekaa kwenye kiti. Sisi huku tupo. Baridi ya mwaka huu imekataa kuondoka kama mgeni aliyekuja na godoro lake. Kazi kiwandani inaendelea, tunapasua mbao, na vidole vyangu vyote kumi bado ninavyo. Jeniffer hajambo.

Kama unavyoona, nimetii amri. Mwalimu mstaafu akisema watoto wake wakipigiana simu wanatukanana, basi waandikiane barua, nani atabisha? Mimi nina miaka thelathini na nne, wewe arobaini na moja, na hapa nimeweka tarehe na anwani upande wa kulia kama mtoto wa darasa la tano, ili Mama asome kabla yako na kusahihisha kwa kalamu nyekundu. Mama, shikamoo. Najua wewe ndiye unayesoma sasa hivi.

Neno lenyewe ni hili. Nimesikia umeamua kuwa mfugaji mkubwa na umeagiza vifaranga mia mbili. Hongera. Kuku wako wa kwanza watano walikufa mwaka juzi, naona umeona tatizo lilikuwa uchache wao. Kwa kuwa mvua zikianza umeme wa huko unakwenda likizo, nimekutumia hita ya gesi. Ipo kwenye boksi, nimeielekeza dukani kwa Mwanaiddi pale stendi kwa sababu wewe simu zangu hupokei. Ina magurudumu, mtungi unakaa mgongoni, na mbele ina sahani tatu zinazowaka nyekundu. Chumba kizima kinakuwa kama Mpanda ya mwezi wa kumi.

Usiniulize kwa nini mimi siihitaji na huku kuna baridi. Siihitaji tu. Mtu haruhusiwi kumpenda dada yake?

Halafu nauliza kwa upole kabisa: yale mabati kumi na mawili niliyotuma Julai kwa ajili ya chumba cha Mama yanaendeleaje huko juu? Hujawahi kuyataja.

Mdogo wako, upende usipende,
Lyamba


Mpanda,
17 Novemba 2024

Kwa mdogo wangu Lyamba, mfadhili wa ukoo,

Salamu zako tumezipokea na kuzigawa. Mama hajambo, magoti yanamsumbua kama kawaida, na anakujulisha kwamba umekosea kuandika neno "kusahihisha" mara ya kwanza ukalifuta. Zangu mimi hasomi. Anasema imla yangu ilimshinda tangu nikiwa darasa la tatu na hawezi kuanza upya uzeeni. Kwa hiyo mimi niko huru kusema ninachotaka, wewe ndiye mwenye mwalimu juu ya kichwa.

Hita imefika. Mwanaiddi aliniita dukani kwa sauti iliyofika sokoni: "Pude, mdogo wako kakuletea friji inayowaka!" Yeye anauza mitungi ya gesi, kwa hiyo mapenzi yako kwangu yamemfurahisha yeye kuliko mimi. Tumeijaribu. Kweli ina joto. Nilijaribu kutafuta kasoro siku mbili nzima nikakosa, na wewe unajua hilo limeniuma kiasi gani. Hivyo, asante. Nimeandika asante, itunze hiyo karatasi, hutaipata nyingine.

Vifaranga mia wa kwanza wanakuja wiki ijayo. Watakaa stoo, ile ya ndani iliyo karibu na jiko, mpaka wapate manyoya ndipo wahamie bandani. Nimemwaga maranda ya mbao ya kutosha.

Lakini niache nishangae kidogo. Mtu anayekaa Njombe, ambako mnalala na soksi na kofia, anatoa hita kumpa mtu anayekaa Mpanda. Umeokoka? Na Jeniffer mbona siku hizi hasalimii? Zamani alikuwa anamtumia Mama ujumbe kila Jumapili. Mama anauliza mjukuu anapita njia gani, maana kama anatembea kwa miguu kutoka Njombe angekuwa amefika.

Kuhusu Mama usiwe na wasiwasi. Mvua zimeanza, lakini amepata mahali pazuri pa kulala, pakavu na penye joto.

Dada yako mkubwa, jambo ambalo huwezi kulibadilisha,
Pudensiana


Njombe,
8 Desemba 2024

Kwako Dada Pude (na Mama, shikamoo),

Ni matumaini yangu vifaranga wanakula na kunya kama inavyotakiwa. Sisi tuko salama. Jeniffer yuko kwao Makete. Amekwenda kupumzika. Mtu anaweza kupumzika kwao bila ukoo mzima kuitisha kikao, na suala la mjukuu naomba tuliache, lina wenyewe.

Nilikuwa nataka kusema kitu kuhusu ile hita. Siyo kitu kikubwa. Ni ushauri tu, unaweza kuuchukulia kama ushauri wa fundi. Ukiiwasha, acha dirisha wazi kidogo. Na ni ya vifaranga, siyo ya watu. Watu wasikae nayo muda mrefu mlango ukiwa umefungwa, inakausha kifua. Basi, ni hilo tu.

Nina swali dogo. Umesema Mama amepata mahali pazuri pa kulala. Mama ana chumba chake. Mtu mwenye chumba hapati mahali, anakuwa napo tayari. Ni mahali gani hapo? Na mabati, Dada. Nimeuliza kwa upole mara ya kwanza, nauliza kwa upole mara ya pili, upole wenyewe unaanza kupungua.

Krismasi sitakuja. Kiwandani hawatoi ruhusa.

Wako,
Lyamba


Mpanda,
12 Januari 2025

Kwa mtaalamu Lyamba,

Heri ya mwaka mpya, ingawa mwaka wenyewe ulipofika huku ulikuta tumelowa. Mvua inanyesha kama inalipwa kwa siku. Barabara ya Ugalla imekatika, asali imepanda, na Mwanaiddi anasema kama mvua itaendelea hivi atahamishia duka juu ya paa.

Kundi la kwanza la vifaranga nimelihamishia bandani, walipungua kumi na moja tu. Kundi la pili lilifika tarehe tatu. Nashukuru sana kwa ushauri wako wa fundi, tumeusoma kwa sauti hapa tukacheka mpaka Mwanaiddi akakaa chini. Yaani unanitumia hita, halafu unaniambia nifungue dirisha. Kesho utanitumia ndoo uniambie niitoboe. Dirisha la stoo linaangalia upande mvua inakotokea, Lyamba! Nikiliacha wazi, maranda yanalowa na vifaranga wanakufa kwa baridi. Nimeliziba kwa turubai na viroba, na chini ya mlango nimeweka tambara. Sasa ndipo hita yako inafanya kazi ya maana. Sahani moja kati ya tatu imeanza kuwaka njano na imeacha masizi ukutani, nadhani ni vumbi la maranda, lakini joto lipo.

Umeuliza Mama analala wapi. Analala stoo, pamoja na vifaranga. Haya, piga kelele nikusikie. Amependa mwenyewe. Magoti yake yanataka joto, chumba chake kina unyevu, na anasema vifaranga wana adabu kuliko wanafunzi wa miaka ya mwisho aliowafundisha. Anawaita kwa majina. Mmoja anaitwa Lyamba, ni yule anayepiga kelele bila sababu.

Kitu kimoja tu kinanisumbua. Tangu wiki iliyopita Mama analalamika kichwa, anasema kinagonga kama kuna mtu anapigilia misumari kwa ndani. Asubuhi anaamka na kichefuchefu, anayumba. Tumepima malaria mara mbili, hana. Mwanaiddi anasema ni presha. Tumepima presha, iko sawa kuliko yangu. La ajabu ni kwamba alipokwenda Litapunga kwa ibada ya jumuiya akalala huko siku mbili, alirudi amepona kabisa, anatembea kama msichana. Kulala siku moja hapa nyumbani, kichwa kimerudi. Nimemwambia labda anaumwa kwa kuniona mimi. Na vifaranga nao wamepoa, wanasinziasinzia, kila asubuhi natoa wawili watatu. Nadhani ni kideri.

Hajambo Jeniffer huko anakopumzika? Naona anapumzika sana. Mwambie apumzikie na sisi siku moja.

Dada yako,
Pudensiana


Mpanda,
6 Februari 2025

Lyamba,

Mama yuko hai. Naanza na hilo kwa sababu salamu zangu zote zimekwisha.

Najua Mwanaiddi anakupa habari kila siku, ameniambia. Lakini sidhani amekueleza kila kitu, na mimi nataka ukisome kilivyotokea.

Ilikuwa Jumanne, tarehe ishirini na nane, mchana. Nilikuwa sokoni napanga mayai. Mvua ilikuwa kubwa, Mama alibaki nyumbani. Aliingia stoo akafunga mlango kwa komeo, maana wiki ile wezi walipita kwa jirani wakabeba kuku. Hita ilikuwa inawaka tangu alfajiri.

Mwanaiddi anasema simu yake ililia saa nane na nusu. Hakukujua. Ukamwambia: "Mimi Lyamba wa Njombe, yule wa hita. Mama yangu yuko wapi?"

Akakujibu: "Mvua yote hii aende wapi? Yuko nyumbani."

"Kimbia kwake. Mtoe nje, zima gesi, fungua kila kitu. Nakuomba usiniulize."

Anasema ulikuwa unalia. Sijawahi kukuona unalia tangu ulipoanguka kwenye baiskeli ya baba, kwa hiyo nilimwambia labda mtandao ulikuwa mbaya.

Aliacha duka wazi. Unamjua Mwanaiddi, kutembea kutoka kaunta mpaka mlangoni ni safari. Siku hiyo alikimbia kwenye matope kutoka stendi mpaka kwetu, kandambili moja hatujaiona mpaka leo. Aligonga stoo. Kimya. Akaita, "Bibi Natalia! Mwalimu!" Kimya. Alichungulia kwenye tundu la ufunguo akaona mwanga mwekundu na mguu. Basi akaupiga mlango kwa bega mara tatu komeo likang'oka. Anasema hakukuwa na moshi, hakukuwa na harufu yoyote, ndiyo maana alidhani Mama amelala. Lakini alipomshika alikuwa amelegea kama nguo iliyofuliwa, na matapishi yako pembeni. Vifaranga walikuwa wamelala chini wote, chumba kizima, manjano matupu. Hakuna aliyelia.

Alimburuta Mama na mkeka wake mpaka uani kwenye mvua. Mimi nilipoitwa sokoni nilifika na bodaboda nikamkuta Mwanaiddi amekaa kwenye matope, amemweka Mama mapajani, anampiga mashavu na kumwambia, "Pumua, Mwalimu, pumua, bado hujanisahihishia risiti."

Hospitali walimwekea oksijeni siku mbili. Daktari ni kijana, pengine umri wako. Aliniuliza, "Nani aliziba dirisha?" Nikasema mimi. "Kwa ajili ya nani?" Nikasema kwa ajili ya vifaranga. Akaandika kwenye faili. Alinieleza kwamba gesi ikiwaka kwenye chumba kisichopitisha hewa, moto unakula hewa yote nzuri, halafu unaanza kutoa sumu isiyo na harufu wala rangi. Mtu anaumwa kichwa, anayumba, anatapika, anadhani ni malaria. Akitoka nje anapata nafuu. Akirudi ndani anaumwa tena. Moto ukiwa wa njano na ukiacha masizi, hali ni mbaya zaidi. Nilikuwa namsikiliza huku naona barua yangu niliyokuandikia. Niliandika kila kitu, Lyamba. Niliandika dalili zote moja baada ya nyingine na kuweka mzaha katikati.

Mama anaongea. Anatujua. Lakini mikono inatetemeka, na wakati mwingine anasimama katikati ya sentensi akitafuta neno ambalo alilifundisha miaka thelathini. Daktari anasema linaweza kurudi, linaweza lisirudi.

Sasa na mimi niseme langu, maana umeuliza mara mbili kwa upole. Mabati yako niliezekea banda la kuku kule shambani, ambako magoti ya Mama hayamfikishi. Niliwaza kuku wakishauzwa nitanunua mengine kabla hujajua. Chumba cha Mama kilianza kuvuja tangu mvua ya kwanza. Mahali pazuri, pakavu na penye joto, palitokana na hilo.

Nina swali moja. Mwanaiddi anasema ulijua la kufanya kabla hajakueleza chochote. Zima gesi, fungua kila kitu, mtoe nje. Ulijua tangu lini? Na kama ulijua, ushauri wa fundi wa kukausha kifua ulikuwa wa nini?

Pudensiana


Njombe,
19 Februari 2025

Dada Pude,

Sina salamu za kuchekesha safari hii.

Barua yako ya Januari ilikaa Mbeya kwenye ofisi ya mabasi, chini ya magunia ya viazi, wamenitaka radhi kana kwamba ni soksi zilizochelewa. Niliipata Jumanne ile ile saa nane mchana. Niliisomea getini kiwandani. Nilipofika kwenye "alipokwenda Litapunga alirudi amepona" niliacha kusoma. Nilikupigia wewe, namba yangu umeifungia. Nilimpigia Mama, simu imezimwa. Ndipo nikakumbuka kwamba namba ya Mwanaiddi niliiandika mwenyewe juu ya boksi na bado ilikuwa kwenye simu. Kama ningekuwa nimetuma hita kwa anwani nyingine, nisingekuwa na mtu wa kumpigia.

Umeuliza nilijua tangu lini. Tangu Agosti.

Jeniffer alikuwa na mimba ya miezi minne. Tulikuwa hatujawaambia, tulipanga kuwaambia Septemba tukija wote. Baridi ya mwaka jana ilikuwa mbaya, asubuhi barafu kwenye nyasi. Hita niliinunua kwenye vitu vya mitumba, nikaona nimempata mkombozi. Niliziba madirisha kwa nailoni, mimi mwenyewe, na nikajisifu. Jeniffer akaanza kuumwa kichwa. Tukasema ni mimba. Akawa anatapika. Tukasema ni mimba. Mimi nilikuwa kiwandani mchana kutwa kwenye hewa, yeye alikuwa ndani. Jumamosi moja mchana nilirudi nikamkuta sakafuni jikoni. Yeye alipona. Mtoto hakupona.

Daktari wa hapa alinieleza kama yule wako alivyokueleza. Hakunilaumu. Ingekuwa afadhali angenilaumu. Jeniffer alikaa wiki tatu akiiangalia ile hita kwenye kona, kisha akaenda kwao. Hapumziki, Dada. Ameniacha.

Utasema kwa nini sikuitupa. Kila mtu angeuliza kwa nini unatupa kitu kizima. Nikajiambia Mpanda kuna joto, hakuna mtu atakayelala nayo, itakuwa na vifaranga kwenye banda lenye upepo. Nilitaka itoke machoni pangu, na papo hapo nionekane kaka mwema baada ya ugomvi wetu. Vyote viwili kwa nauli moja ya basi. Unaona nilivyo na akili.

Desemba nilitaka kukueleza. Nilikaa mezani mpaka wino ukakauka. Nikakumbuka Mama ndiye anayesoma kwanza, nikaona siwezi kumwambia habari ya mjukuu wake kwa barua ili asahihishe. Ndipo nikaandika "inakausha kifua". Ningeweza kupiga simu kwa Mwanaiddi siku yoyote, namba ilikuwepo. Sikupiga kwa sababu angeuliza nimejuaje.

Kuhusu mabati nimesikia. Nilikuwa nimeandaa maneno makali kwa miezi minne na sasa sijui niyaweke wapi. Wewe uliezekea kuku. Mimi nilituma kilichomuua mwanangu nikakifunga kwa utepe.

Sijaja kumwona Mama kwa sababu siwezi kumtazama. Siyo ruhusa ya kiwandani. Ruhusa walinipa siku ile ile niliyompigia Mwanaiddi.

Tafadhali hii soma wewe kwanza.

Lyamba


Mpanda,
23 Machi 2025

Lyamba mdogo wangu,

Sikuisoma mimi kwanza. Ilifika nikiwa zahanati nachukua dawa zake. Mwanaiddi aliileta nyumbani, Mama akaifungua kama anavyofungua zote.

Nilimkuta amekaa kizingitini, karatasi ipo mapajani. Nadhani alikuwa ameirudia zaidi ya mara moja. Aliniuliza, "Mimba ya miezi minne?" Nikasema sijui, maana nilikuwa sijasoma. Akanipa nikasoma nimesimama mbele yake. Akasubiri nimalize.

Kisha akauliza, "Na mabati yangu yako kwa kuku?"

Nikasema, "Ndiyo, Mama."

"Nilidhani umeuza. Nikawa najisemea, ana shida, siku moja ataniambia."

Kumbe alijua mabati hayapo, alikuwa ananisubiri. Nilitaka kupiga magoti, akanizuia kwa mkono. Akasema taratibu, akitafuta kila neno: "Nyie watoto wangu mngeniua kwa heshima kabisa. Mmoja kanyamaza, mwingine kaziba dirisha. Hakuna hata mmoja aliyenitukana."

Siku iliyofuata alipanga nguo zake kwenye mfuko. Alimpigia mama mdogo Dorotea kule Kasansa, akaondoka na gari la asubuhi. Nilimwambia huko nyumba ni ya nyasi, upepo unapita kila upande, magoti yatamuua. Akasema upepo ndio anaoutaka. Alimuaga Mwanaiddi kwa kumkumbatia mpaka wote wawili wakawa wanalia. Mimi alinishika mkono kama alivyokuwa akiwashika wazazi wa wanafunzi.

Hivyo niko peke yangu na kuku themanini na saba ambao siwezi kuwatazama. Mabati nimeyashusha, fundi ameyarudisha yanapostahili. Chumba kimekuwa kikavu na hakuna mtu ndani yake. Hita nimeivunja kwa shoka, kwenye uwanja wa mbele, na nimewaeleza majirani wote kwa nini. Kumbe wengi hawajui. Mke wa mchungaji alikuwa anaingiza jiko la mkaa chumbani kwa mtoto mchanga kila mvua ikinyesha, na tulimwona sote kuwa mama mzuri. Mwanaiddi sasa hauzi mtungi bila kumhoji mteja kama polisi: unakwenda kuwasha wapi, dirisha liko wapi, nani analala humo. Wateja wanamkimbia. Anasema wakimbie.

Nimempigia Jeniffer. Sikukuomba ruhusa. Nilimwambia kwamba mimi ndiye niliyeandika kejeli kuhusu mjukuu na kwamba sikujua. Akaniuliza Mama anaendeleaje, nikamwambia. Akasema, "Kwa hiyo yeye mmemuwahi." Tulilia mpaka salio likaisha. Sijui kama atarudi kwako, hakusema, na mimi sikumwomba. Kwanza nenda ukae mbele yake umwambie uliyoniambia mimi. Hajawahi kuyasikia kutoka kwako. Ulikuwa umenyamaza hata kwa yeye aliyekuwepo.

Na mimi sijakusamehe. Usije ukadhani. Nikiamka nakuta bado nina hasira, naiangalia, naona nusu yake ni yangu mwenyewe, basi nakosa pa kuielekeza. Na namba yako nimeifungua, lakini hili nimeona niliandike ili usinikatize.

Nimekwenda Kasansa mara mbili. Mara ya kwanza nilibeba sukari na kitenge. Nilishuka kwenye pikipiki mbali kidogo, nikamwona amekaa nje na mama mdogo, wanachambua maharage. Alikuwa anasimulia kitu, anakwama, anaanza tena, na mama mdogo anamsubiri bila haraka. Akacheka. Nilisimama pale pembeni ya shamba la mahindi na sukari yangu, nikamwambia dereva ageuze. Mara ya pili sikushuka kabisa.

Siwezi kuingia peke yangu, Lyamba. Nikiingia mimi tu, ataniuliza wewe uko wapi, na ukiingia wewe tu atauliza hivyo hivyo. Panda basi la Ijumaa, Jumamosi nitakuwa stendi. Usilete zawadi yoyote. Tutakwenda Kasansa, tutapita pale kwenye mahindi, tutamsalimia, na akitufukuza tutafukuzwa wote wawili.

Dada yako,
Pudensiana